Nshomile na Tanuru la Kemondo

Mtanzania akitaka kumtania Mhaya humwita nshomile. Neno ni la Kihaya, maana yake "nimesoma". Utani wenyewe unajulikana: Mhaya hutaja shahada yake kwanza, jina lake baadaye. Wahaya wenyewe tunaucheka, na wengine tunaupenda kwa siri. Lakini ndani ya neno hilo kuna maswali mawili ambayo utani huyaruka. Umesoma kwa fedha za nani? Na ulichosoma, nani alikiuliza?

Nayauliza sasa kwa sababu niko mwaka wa mwisho wa shahada ya uzamili ya kemia, na kundi letu la WhatsApp darasani limegeuka ubao wa matangazo. Kila wiki mtu anatuma nafasi ya uzamivu yenye ufadhili. Miaka mitatu au minne, ada imelipwa, posho ya kila mwezi ipo, na siku hizi nafasi nyingi zinahusu jambo moja: kemia ya vifaa pamoja na maabara zinazojiendesha. Kemia ya vifaa ni elimu ya kuunda vitu vyenye tabia tunayoitaka, kama betri inayochaji haraka, saruji isiyopasuka, au kichujio kinachoshika sumu kikaacha maji yapite. Maabara inayojiendesha ni ile ambamo roboti hupima, huchanganya na huchoma, kisha programu ya kompyuta husoma matokeo na kuamua jaribio linalofuata. Msomaji anaweza kudhani mambo hayo hayana uhusiano wowote na Kanazi. Kwa kweli masomo ya udaktari kuhusu kemia ya vifaa yaliwahi kufanyika jirani kabisa na Kanazi, yakiongozwa na watafiti wageni, kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Kanazi iko Wilaya ya Bukoba, katikati ya migomba na mibuni. Wanaoijua kwa historia wanaijua kama makao ya Omukama Kahigi wa Kianja, mtawala aliyeelewana na Wajerumani baada ya Emin Pasha kuweka kituo Bukoba mwaka 1890, na ambaye eneo lake lilipanuka kwa sababu ya maelewano hayo. Si mbali na hapo ni Kemondo, bandari ndogo ya Ziwa Victoria, na upande wa Maruku kuna Katuruka. Mkulima wa sehemu hizi akichimba shimo kibanjani hukutana na vipande vyeusi, vizito, vyenye matundu kama mkate ulioungua. Hayo ni mavi ya chuma, mabaki ya matanuru ya watu waliokuwa wakipata chuma kutoka kwenye mawe karibu miaka elfu mbili iliyopita.

Kuyeyusha chuma kwa njia ya kale ni kuondoa oksijeni kwenye jiwe. Mkaa ukiungua bila hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksidi, na gesi hiyo hulinyang'anya jiwe oksijeni yake. Chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi, lakini tanuru la kale halikulazimika kufika huko. Kwenye nyuzi kama 1,200 uchafu wa jiwe huyeyuka na kutiririka, ndiyo hayo mavi ya chuma, na chuma chenyewe hubaki kama donge ambalo mhunzi hulifua kwa nyundo mpaka likawa jembe au mkuki. Wahaya walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu. Shimoni chini yake walichoma majani ya kinamasi ili yabaki kama kitanda cha kaboni. Walivuta hewa kwa mivukuto kupitia mirija ya udongo iliyoingia ndani kabisa ya tanuru. Kila kimoja katika hivyo ni uamuzi wa mkemia: udongo gani haupasuki motoni, mkaa wa mti gani unafaa, majani gani yanaacha kaboni nyingi.

Uhunzi huo ulififia mwanzoni mwa karne ya ishirini, majembe ya Ulaya na vyuma chakavu vilipokuwa rahisi kununua kuliko kukesha na mivukuto. Wahunzi waliendelea kufua chuma cha kununua, lakini kazi ya kukitoa kwenye jiwe ilibaki vichwani mwa waliokuwa vijana wakati ule.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 alifika Buhaya mwanafunzi wa udaktari kutoka Chuo Kikuu cha Northwestern cha Marekani, jina lake Peter Schmidt. Alisikiliza wazee wakimsimulia habari za Omukama Rugomora Mahe, ambaye simulizi zinasema aliwaamuru wahunzi wajenge mnara wa chuma pale Katuruka ufike mbinguni, na mnara ukaanguka. Wazee walimwonyesha mahali penyewe, penye mti mtakatifu uitwao Kaiija, yaani mahali pa kufulia chuma. Alipochimba alipata mabaki ya uhunzi wa zamani sana, na baadhi ya vipimo vya mkaa vilirudi nyuma mpaka katikati ya milenia ya kwanza kabla ya Kristo. Vipimo hivyo vinabishaniwa hadi leo, kwa kuwa mkaa unaweza kutoka kwenye mti uliokuwa mzee tangu kabla ya kuchomwa. Lakini jambo moja lilisimama: simulizi ya wazee ilimpeleka mchimbaji mahali sahihi. Schmidt alipata udaktari wake mwaka 1974.

Alirudi mwaka 1976 akiwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Brown, pamoja na Donald Avery, mtaalamu wa metali wa chuo hichohicho. Waliwaomba wazee wa Kihaya waliowahi kufanya kazi hiyo ujanani wajenge tanuru tena. Karibu nusu karne ilikuwa imepita. Wazee walijaribu, wakabishana, wakabadilisha, wakajaribu tena, mpaka donge la chuma likatoka. Mtafiti wa leo angeziita siku zile mfululizo wa majaribio, kila moja likirekebishwa kwa matokeo ya lililotangulia. Programu za maabara zinazojiendesha zinafanya hivyohivyo, tofauti ni kwamba wazee walitumia rangi ya moto, sauti ya mivukuto na kumbukumbu.

Tarehe 22 Septemba 1978 Schmidt na Avery walichapisha makala katika jarida la Science. Walidai kwamba kwa kuingiza mirija ndani ya tanuru, Wahaya na waliowatangulia walikuwa wakipasha hewa moto kabla haijafika kwenye mkaa, na hivyo kupata joto kubwa na chuma chenye sifa ya feleji. Kwa kulinganisha, kupasha hewa moto kabla ya kuiingiza tanuruni kulipata hataza Uingereza mwaka 1828, kwa jina la James Beaumont Neilson wa Scotland. Magazeti ya Marekani yaliipokea habari hiyo kwa kishindo. Waafrika walikuwa wamewatangulia Wazungu katika kutengeneza feleji.

Kisha wakaja wapinzani, na historia hii ingepungukiwa na ukweli bila wao. Manfred Eggert mwaka 1985, J. E. Rehder mwaka 1986, na David Killick mwaka 1996 walihoji madai hayo mmoja baada ya mwingine. Walisema mrija mnene wa udongo hauruhusu hewa inayopita kwa kasi kupata joto la kutosha, na kwamba ushahidi wa matanuru ya kale hautoshi kubeba dai kubwa kiasi hicho. Schmidt aliwajibu, na mabishano yakaendelea kwa miaka. Mimi kama mwanafunzi wa kemia naona hoja za wapinzani kuhusu joto la hewa zina uzito. Lakini hata ukiliondoa dai la hewa moto, wazee wa mwaka 1976 bado walitoa chuma kwenye jiwe kwa udongo wa kichuguu na majani ya kinamasi, jambo ambalo darasani kwetu tunaliandika kwa milinganyo tu.

Ninachokiona zaidi nikiyasoma mabishano hayo ni mahali yalipofanyika. Yalifanyika kwenye majarida ya Marekani na Ulaya, kwa Kiingereza, kati ya watu waliokuwa na maabara. Makala ya 1978 ina majina mawili ya waandishi. Majina ya wazee walioshika mivukuto hayamo katika mstari huo, na hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya sayansi ya wakati ule. Hata udongo ulisafiri. Mwaka 1986 S. Terry Childs alipata udaktari wa Chuo Kikuu cha Boston kwa kuchunguza udongo wa matanuru na mirija ya zama za mwanzo za chuma barani Afrika, ukiwemo wa Buhaya. Leo tungeuita udaktari wa kemia ya vifaa. Mada yake ilikuwa udongo wa vichuguu vyetu, na sisi tulikuwa upande wa sampuli.

Simlaumu mtu. Kazi hizo ziliokoa maarifa ambayo yangezikwa na wenyewe. Mwaka 1983 Kagera iliripoti wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania, na miaka iliyofuata iliondoa watu wengi kiasi kwamba katika vijiji vingine masimulizi yalikosa wa kuyapokea. Mengi ya yale wazee waliyosema miaka ya 1970 yapo leo kwa sababu kulikuwa na mtu mwenye daftari, na nyuma ya daftari kulikuwa na mfuko uliolipia.

Na Buhaya fedha ya kusomea ilitoka wapi? Ilitoka kwenye buni. Kahawa ilikuwepo kabla ya Wajerumani. Watu walitafuna buni zilizochemshwa, na waliokula kiapo cha udugu wa damu waligawana punje. Wakoloni waliigeuza zao la biashara, na kwa miongo mingi karo ya mtoto wa Kihaya ilianikwa mkekani mbele ya nyumba. Mwaka 1937 wakulima wa Bukoba waligoma dhidi ya sheria za kuwapangia namna ya kutunza mibuni yao, na mwaka 1950 ukazaliwa ushirika mkuu wa wakulima wa kahawa wa Bukoba. Nshomile wengi wa kizazi cha babu zetu walisomeshwa na magunia hayo. Mwaka 1976, mwaka uleule wazee walipowasha tanuru, serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima. Vilirudishwa miaka ya 1980, lakini bei ya kahawa haikuwahi tena kuwa ngazi ya uhakika ya kwenda chuo kikuu, sembuse udaktari. Mkulima anaweza kuuza debe la buni akalipa michango ya sekondari. Hakuna idadi ya madebe itakayolipia miaka minne ya maabara yenye roboti.

Kwa hiyo kizazi chetu kinategemea ufadhili, na ni vizuri tuujue ulivyo. Ujerumani, mwanafunzi wa udaktari wa kemia mara nyingi huajiriwa kwa mkataba wa kazi wenye mshahara wa ngazi ya utumishi wa umma, ingawa mkataba unaweza kuwa wa nusu au theluthi mbili ya muda. Uingereza, fedha za mabaraza ya utafiti zilifunguliwa kwa wanafunzi wa nje mwaka 2021, lakini kwa kiwango kisichozidi asilimia 30 ya kila kundi. Marekani, wengi hulipwa kwa kufundisha au kusaidia utafiti. Karibu na nyumbani kuna Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2012 na yenye shule inayoshughulikia vifaa, nishati, maji na mazingira. Kuna pia mpango wa PASET, ulioanzishwa mwaka 2013 na serikali za Afrika kwa msaada wa Benki ya Dunia. Mfuko wake wa ufadhili wa uzamivu unasimamiwa na icipe ya Nairobi, na madini na sayansi ya vifaa ni miongoni mwa maeneo yake ya kipaumbele. Mwanafunzi wake husajiliwa chuo cha Afrika, kisha hupelekwa kwa muda kwenye taasisi ya nje yenye vyombo ambavyo huku havipo.

Tofauti kati ya njia hizi ni kubwa kuliko kiasi cha posho. Katika nafasi nyingi za Ulaya swali limeshaandikwa kabla hujafika. Profesa aliomba fedha kwa mradi maalum, mradi una ratiba, wewe unaajiriwa kuutekeleza. Hilo lina faida yake, kwa sababu unaingia kwenye maabara inayofanya kazi siku ya kwanza, unafundishwa na watu wanaojua. Katika njia ya pili unaweza kubeba swali lako, lakini unaweza pia kusubiri miezi kwa ajili ya kemikali moja iliyokwama bandarini.

Mashine hazijamaliza suala la swali. Mwaka 2020 kikundi cha Andrew Cooper cha Chuo Kikuu cha Liverpool kilionyesha roboti iliyozunguka maabara peke yake kwa siku nane na kufanya majaribio 688, ikitafuta mchanganyiko unaotumia mwanga kutoa hidrojeni kwenye maji. Mchanganyiko iliyoupata ulikuwa na nguvu mara sita ya ule wa kuanzia. Ni kazi ambayo mtu mmoja angeifanya kwa miezi mingi. Lakini watu ndio waliochagua viungo na kuamua kwamba hidrojeni ndiyo inayotafutwa. Mwaka 2023 maabara ya taifa ya Lawrence Berkeley, Marekani, ilitangaza kwamba mfumo wake wa kujiendesha ulitengeneza vitu vipya 41 kati ya 58 ulivyolenga, kwa siku 17. Haukupita muda wakemia wengine, akiwemo Robert Palgrave wa London na Leslie Schoop wa Princeton, wakayapitia matokeo na kusema mashine ilikuwa imetafsiri vibaya vipimo, na kwamba upya uliodaiwa haukuthibitika. Nikiisoma habari hiyo nilimkumbuka Killick na mirija ya Kemondo. Dai kubwa lilitangulia, na baadaye akaja mtu mwenye jicho la kuangalia tena kilichomo tanuruni. Roboti haikuwa na jicho hilo.

Bibi yangu wa Kanazi huniuliza, "Waitu, mjukuu wangu, hiyo shule ina mwisho kweli?" Namjibu kwamba imebaki ngazi moja. Huuliza tena, "Na hiyo ngazi, wanakulipa au unawalipa?" Nikimwambia wanalipa, hunyamaza kidogo, kisha husema, "Basi wana kazi yao wanataka uwafanyie." Hajasoma zaidi ya darasa la nne, na katika mikutano yote ya ushauri wa masomo niliyohudhuria sijasikia mtu akilieleza jambo hili waziwazi kama yeye.

Kazi yao ni ipi, na yetu ni ipi? Katika Ngara, mkoa huuhuu wa Kagera, kuna nikeli ya Kabanga, iliyogunduliwa katika muongo uleule wa 1970. Nikeli inahitajika kwenye betri za magari ya umeme, na mwaka 2021 serikali ilisaini mkataba wa mfumo wa kuichimba, pamoja na mpango wa kuisafisha hapahapa nchini, Kahama. Kiwanda cha kusafisha nikeli kwa njia ya kemikali ni kemia ya vifaa tupu, na udhibiti wake ni wa mitambo inayojiendesha. Nani atakayejua kusoma matokeo yake, aseme hapa mashine imekosea? Kama hakuna Mtanzania mwenye udaktari wa jambo hilo, nikeli itaondoka na maarifa yake yote, kama udongo wa mirija ulivyoondoka, na safari hii bila hata mzee wa kuhojiwa.

Njia ya kurudi nayo ipo, na imewahi kupitwa. Mwaka 1985 somo la akiolojia lilianzishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Schmidt alikuwa miongoni mwa waliolisimamisha. Kutoka kizazi cha mwanzo cha wanafunzi wake alitoka Bertram Mapunda, aliyekwenda Chuo Kikuu cha Florida na mwaka 1995 akapata udaktari kwa tasnifu kuhusu uhunzi wa kusini-magharibi mwa Tanzania. Alirudi, akafundisha Dar es Salaam, akawafundisha wengine kusoma mavi ya chuma. Swali lake lilikuwa la nyumbani, maabara ilikuwa ya ugenini, na matokeo yalirudi.

Ndiyo maana siku hizi nikijibu tangazo la nafasi naandika barua mbili. Ya kwanza ni ile inayotakiwa, yenye alama zangu na majina ya vyombo ninavyoweza kuvitumia. Ya pili ni fupi, kwa msimamizi mwenyewe. Ninauliza mambo matatu: kama ndani ya mradi kuna nafasi ya sura moja ya tasnifu kwa swali nitakalokuja nalo, kama takwimu na programu nitakazoandika zitaweza kutumika katika chuo cha nyumbani baada ya mimi kumaliza, na kama mwanafunzi mwingine kutoka Tanzania anaweza kuja hata kwa miezi mitatu kujifunza chombo nitakachokijua. Wawili hawakujibu. Mmoja alijibu kwamba mradi haubadiliki, nikamshukuru. Mmoja aliuliza swali langu ni lipi. Nikamwandikia kuhusu udongo wa kichuguu: kwa nini unastahimili moto bila kupasuka, na kama roboti ya kuchanganya na kuchoma inaweza kujaribu mamia ya michanganyiko yake ili upatikane udongo wa kujengea majiko na matanuru kwa bei ya mwanakijiji.

Mwaka 2008 wanakijiji wa Katuruka walimwita Schmidt arudi, miaka thelathini baada ya makala ile. Safari hii wao ndio waliotaka kazi ifanyike. Walitaka kukusanya tena masimulizi ya wazee waliobaki na kulihifadhi eneo la Rugomora Mahe, na walitaka kuifanya wao, yeye akiwa msaidizi. Wanakijiji wenyewe wakapita nyumba kwa nyumba wakihoji na kuandika. Hawakuwa na ufadhili wa udaktari wala roboti. Walikuwa na swali lao, na walijua nani wa kumtuma maabara.